Je, Le Ballon rouge ilipakwa rangi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu filamu za Kifaransa za utoto na rangi zake

Filamu hii ikionyeshwa mahali, taa zikishawashwa maswali huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa kwa makundi. Mengi yanaihusu Le Ballon rouge yenyewe, na mengine yanahusu filamu za jirani zake ambazo watu huzichanganya nayo.

## Mambo ya mwanzo

Le Ballon rouge ni filamu gani?

Jina lake maana yake ni Puto Jekundu. Ni filamu fupi ya dakika 34 ya Mfaransa Albert Lamorisse, na ilitoka mwaka 1956. Mtoto anayeitwa Pascal, akiwa njiani kwenda shule, anaona puto jekundu limefungwa kwenye nguzo ya taa. Anapanda, analifungua, anaondoka nalo. Kuanzia hapo puto linamfuata lenyewe. Kondakta wa basi analikataa. Mlezi wake analitupa nje ya dirisha, nalo linabaki papo hapo nje ya kioo, likisubiri. Shuleni linaleta vurugu mpaka mwalimu mkuu anamfungia Pascal. Mwishoni watoto wa mtaani wanaliwinda kwa mawe na manati.

Mwaka huo huo filamu ilishinda Palme d'Or ya filamu fupi, tuzo ya juu ya tamasha la filamu la Cannes. Kisha ikapata Oscar ya mswada bora wa kubuni, tuzo ambayo kwa kawaida huenda kwa filamu ndefu zenye mazungumzo mengi. Hii karibu haina maneno.

Pascal ni nani, na Lamorisse alikuwa nani?

Pascal ni mtoto wa Lamorisse mwenyewe, na jina lake halikubadilishwa. Yule msichana mwenye puto la buluu ni Sabine, dada yake. Mpiga picha alikuwa Edmond Séchan, na muziki ni wa Maurice Le Roux.

Lamorisse alizaliwa Paris mwaka 1922. Miaka mitatu kabla ya puto alikuwa ametengeneza Crin-Blanc, kisa cha mvulana na farasi mwitu. Ndiye pia aliyebuni mchezo wa ubaoni unaojulikana duniani kwa jina la Risk. Baadaye alivutiwa na kupiga picha kutoka angani, akabuni kifaa cha kuzuia kamera isitikisike ndani ya helikopta. Alifariki mwaka 1970 helikopta yake ilipoanguka nchini Iran akiwa kazini. Filamu aliyoiacha nusu ilikamilishwa na mjane wake pamoja na mwanawe, yaani mtoto yule yule wa puto.

Nahitaji kujua Kifaransa?

Hapana. Maneno yaliyomo ni machache, na hakuna hata moja linalobeba kisa. Mtoto wa miaka minne wa Tanga ataielewa sawasawa na wa Paris, na kwa kuwa hakuna maandishi ya kusoma chini ya picha, macho yake yatabaki kwenye puto.

## Rangi ya puto

Je, ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, kisha puto likapakwa rangi?

Hapana. Ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ninaelewa linakotoka. Ukiangalia picha moja tu, unaona ukuta wa kijivu, mawe ya barabarani ya kijivu, anga la kijivu, mtoto amevaa kijivu, na katikati yake kitu chekundu kinachong'aa kama embe lililoiva gizani. Siku hizi tumezoea picha za simu ambamo mtu amefuta rangi zote akaacha moja, kwa hiyo tunadhani na hii imefanywa hivyo.

Filamu yote ilipigwa kwa rangi tangu mwanzo, kwa Technicolor, mfumo wa filamu za rangi wa enzi hizo. Ukitazama kwa subira utaziona rangi nyingine: kuta zenye umanjano hafifu, mabango, mikate na keki dirishani, puto la buluu la Sabine. Kijivu kile ni Paris yenyewe, mitaa ya Ménilmontant na Belleville miaka kumi tu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nyumba zake zimeshika masizi ya makaa ya mawe. Lamorisse na Séchan waliukuta mji wa rangi hiyo, wakaupiga katika mwanga uliopoa, wakamvisha mtoto nguo zisizoshindana na puto.

Maoni yangu, na nitayarudia chini, ni kwamba kijivu kile ni nusu ya ule wekundu. Ukikigusa, umeligusa puto.

Kwa nini basi niliona nakala ambayo anga lilikuwa la waridi?

Kwa sababu ya uzee wa mkanda. Filamu hii ilisambazwa sana mashuleni kwa mikanda ya milimita 16, na mikanda mingi ya rangi ya miaka ile huchuja. Ndani ya mkanda mna tabaka tatu za rangi: moja ya buluu-kijani, moja ya zambarau-nyekundu, moja ya manjano. Hazichakai kwa mwendo mmoja. Buluu-kijani na manjano zikitangulia kufifia, kinachobaki ni uwaridi kila mahali. Watu wengi walikua wakiamini kwamba ndivyo filamu ilivyo.

Nakala zilizochapwa kwa njia ya zamani ya Technicolor hudumu zaidi. Humo kila rangi ilikuwa ni wino uliokandamizwa peke yake juu ya mkanda, moja baada ya nyingine, karibu na jinsi khanga inavyochapwa rangi kwa rangi. Wino ule ni mgumu kufifia. Ndiyo maana nakala moja nzuri ya aina hiyo ni lulu kwa watu wanaorejesha filamu za zamani, kwani inawaonyesha wekundu ulikuwa upi.

Puto lilitembeaje? Ni kompyuta?

Mwaka 1956? Ni nyuzi nyembamba, mikono yenye subira, na maputo zaidi ya moja. Mhakiki André Bazin aliandika makala maarufu akilinganisha filamu hii na Crin-Blanc. Hoja yake ilikuwa kwamba uchawi wa puto una nguvu kwa sababu tunaliona pamoja na mtoto katika picha moja, bila kukatwa. Kama tungeonyeshwa puto, kisha mtoto, kisha puto, tungejua tunadanganywa. Hapa hila imefanyika mbele ya kamera, na jicho linaiamini.

Hili linahusu rangi pia. Msafishaji wa filamu wa kisasa anaweza kukutana na uzi unaoonekana kwenye fremu, yaani moja ya picha zinazounda mkanda. Aufute? Mimi nasema kama uzi ule ulionekana kwenye skrini za 1956, uachwe. Wapo wanaofuta, na sababu zao nazijua, lakini kazi ya mikono ni sehemu ya filamu hii.

## Kurejesha na kupaka rangi

Kurejesha filamu na kuipaka rangi, si kitu kimoja?

Ni kazi mbili zenye nia tofauti. Kurejesha ni kuondoa kilichoongezwa na wakati: vumbi, mikwaruzo, mtikisiko, kuchuja. Kupaka rangi ni kuongeza kitu ambacho hakikuwahi kuwapo kwenye mkanda. Filamu moja yaweza kufanyiwa yote mawili, na wauzaji hupenda kuyaunganisha kwenye jalada moja, "imerejeshwa kwa rangi", mpaka mnunuzi adhani amepata kitu kilichokuwa kimepotea.

Ukiuliza swali moja utaitambua ipi ni ipi: rangi hii imetoka wapi? Kama jibu ni "kwenye negativu", yaani mkanda wa asili uliotoka kwenye kamera, ni urejeshaji. Kama jibu ni "tumekisia", ni upakaji, hata kama umefanywa kwa ustadi.

Urejeshaji wa kweli unafanywaje?

Kwanza ni msako. Watu hutafuta mkanda ulio karibu zaidi na kamera, negativu yenyewe ikiwezekana, na nakala za zamani za kulinganisha. Kisha mafundi huushika mkanda kwa mikono: kuunga palipokatika, kuziba matundu ya pembeni yaliyoraruka, kuosha. Baada ya hapo kila fremu huskaniwa. Filamu ya dakika 34 kwa fremu 24 kila sekunde ni karibu fremu 49,000.

Halafu kompyuta na macho ya watu huondoa vumbi na mikwaruzo, kupunguza mtikisiko, na kusawazisha mwanga unaopepesa. Mwisho huja marekebisho ya rangi, ambapo fundi hukaa na nakala ya zamani kama ushahidi, na ikiwezekana mtu aliyekuwapo. Sauti husafishwa kando.

Le Ballon rouge na Crin-Blanc zilirudi sinemani pamoja mwaka 2007 baada ya kusafishwa. Hapo ndipo wengi wetu tuliposahau lile anga la waridi.

Na upakaji rangi?

Picha ya nyeusi na nyeupe inahifadhi kitu kimoja tu, kiasi cha mwanga. Kitambaa chekundu na kitambaa cha kijani vyaweza kutoa kijivu kile kile kabisa. Kwa hiyo kijivu hakiwezi kukuambia rangi yake, na kompyuta yoyote, ya zamani au ya akili mnemba, haiwezi kukichimbua kisichokuwamo. Inachofanya ni kuuacha mwanga kama ulivyo na kuuvisha rangi juu.

Wapakaji makini hutafuta ushahidi nje ya mkanda, kama nguo zilizohifadhiwa, picha za rangi zilizopigwa siku za utengenezaji, mitaa yenyewe. Programu za akili mnemba hazifanyi hivyo. Zimejifunza kutoka picha nyingi kwamba nyasi ni za kijani na ngozi ni ya rangi fulani, basi kisichojulikana hupewa rangi ya wastani, mara nyingi kahawia au buluu iliyofifia. Jiulize puto la filamu hii lingepakwa rangi gani kama tungekuwa na kijivu chake tu. Programu ingekuwa na kila sababu ya kuchagua buluu.

Nitajuaje kwamba nakala niliyo nayo "imeboreshwa" vibaya?

Angalia nyuso kwanza. Zikiwa laini kama nta, chembechembe za mkanda zimefutwa, na zimeondoka pamoja na ngozi. Angalia mwendo: mtoto akikimbia kwa ulaini wa ajabu kama matangazo ya mpira, kuna mtu ameongeza fremu za kubuni kati ya zile 24. Angalia umbo la picha: Le Ballon rouge ni karibu mraba, kwa hiyo ikijaza televisheni yako yote basi imekatwa juu na chini. Katika filamu ya puto linaloelea juu ya kichwa cha mtoto, kukata juu ni kukata kisa.

Halafu angalia kuta. Kama kuta za Ménilmontant zimekuwa za dhahabu na anga limekuwa buluu ya kadi za posta, mtu ameongeza ukali wa rangi zote kwa pamoja. Puto litakuwa jekundu zaidi, ni kweli, lakini halitakuwa peke yake tena.

## Filamu za jirani

Crin-Blanc niliyoiona mtandaoni ilikuwa ya rangi. Ni halali?

Crin-Blanc, yaani Singa Nyeupe, ilitoka mwaka 1953 ikiwa nyeusi na nyeupe. Rangi yoyote uliyoiona imeongezwa. Kuhusu uhalali, tazama kundi la haki hapo chini.

Naongeza jambo moja hapa kwa sababu linaniuma. Filamu ile ni ya Camargue, mabwawa ya chumvi ya kusini mwa Ufaransa, ambako farasi huzaliwa weusi au kahawia na kugeuka weupe wanapokua. Maji, mchanga, anga na farasi karibu vyote ni vyeupe, na Séchan alivipiga kwa daraja za mweupe ambazo ukizipaka buluu na kijani zinakufa. Mwishoni mvulana na farasi wanaingia baharini wakiwakimbia watu, na mpaka wa maji na anga hauonekani. Hauonekani kwa makusudi. Nakala ya rangi niliyoitazama mimi ilikuwa imechora mstari pale.

Na La Guerre des boutons? Mimi nakumbuka rangi kabisa.

Uliza kwanza ni ya mwaka gani. Ile ya Yves Robert, ambamo watoto wa vijiji viwili wanapigana na mshindi anachukua vifungo vya nguo za aliyeshindwa, ni ya 1962 na ilipigwa nyeusi na nyeupe. Mwezi Septemba 2011 zilitoka filamu mbili mpya za Kifaransa za kisa hicho hicho, wiki moja tu baina yake, zote za rangi. Kitabu chenyewe ni cha Louis Pergaud, 1912. Aliuawa vitani mwaka 1915 na hakuona hata moja.

Zéro de conduite na Les Quatre Cents Coups?

Zote mbili ni nyeusi na nyeupe. Zéro de conduite ya Jean Vigo, kuhusu wavulana wa shule ya bweni wanaoasi, ilipigwa marufuku mwaka 1933 na ikaachiwa baada ya vita tu. Vigo mwenyewe alifariki mwaka 1934 akiwa na miaka 29. Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut ni ya 1959. Ukiona bwenini mito inapasuka na manyoya yanaanguka kama theluji katika ile ya Vigo, utaelewa kwa nini siitaki rangi pale. Kila kitu cheupe, usiku, polepole.

Kuna filamu ya Kifaransa ambayo rangi "iliyoongezwa" ilikuwa ya kweli?

Ipo, na ni kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 1947 Jacques Tati alikwenda kijiji cha Sainte-Sévère-sur-Indre kupiga Jour de fête, kuhusu siku ambayo wenye bembea za sherehe wanaingia kijijini na watoto wanawakimbilia. Alitumia mfumo mpya wa rangi wa Kifaransa, Thomsoncolor, na kwa tahadhari akaweka kamera ya pili ya nyeusi na nyeupe. Mfumo ule mpya ukashindwa kuchapa nakala. Filamu ikatoka mwaka 1949 kutoka ile kamera ya akiba. Mwaka 1964 Tati mwenyewe aliitoa tena akiwa amepaka rangi vitu vichache tu.

Rangi ya kweli ilikuwa imelala kwenye mikanda ya kamera ya kwanza. Binti yake Sophie Tatischeff na mpiga picha François Ede waliifanyia kazi, na mwaka 1995, miaka kumi na mitatu baada ya Tati kufariki, watu waliona kijiji kile kwa rangi alizozikusudia. Mtu akikuambia "imepakwa rangi", mweleze kuhusu tofauti hii.

Vipi filamu za kale kabisa zilizopakwa kwa mkono?

Hizo ni jambo jingine. Nakala za rangi za Le Voyage dans la Lune ya Georges Méliès, 1902, zilipakwa kwa brashi fremu kwa fremu na wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier, kwa agizo la mtengenezaji. Rangi ile ni sehemu ya kazi ya asili, na kuirejesha, kama ilivyofanyika hadi onyesho la Cannes mwaka 2011, ni urejeshaji halisi.

## Haki na sheria

Mwenye hakimiliki si anaweza kuipaka rangi apendavyo?

Ufaransa, hapana. Huko mtunzi ana haki mbili: ya kunufaika na kazi, ambayo inauzwa na ina mwisho, na ya heshima ya kazi, ambayo haiuzwi, haina mwisho, na hurithiwa. Kesi iliyoliweka wazi ilihusu filamu ya Kimarekani, The Asphalt Jungle ya John Huston, 1950. Stesheni ya televisheni ya Ufaransa, La Cinq, ilitaka kuonyesha nakala iliyopakwa rangi. Huston alikuwa amefariki mwaka 1987, lakini warithi wake walishtaki. Tarehe 28 Mei 1991 Mahakama ya juu ya rufaa ya Ufaransa, Cour de cassation, ilikubali kwamba heshima ya kazi inalindwa nchini humo, hata kama mkataba wa Marekani ulimpa mzalishaji haki zote.

Je, Le Ballon rouge imeshakuwa mali ya umma?

Kwa Ufaransa bado. Ulinzi huendelea miaka 70 baada ya kifo cha wa mwisho kati ya mwongozaji, waandishi na mtunzi wa muziki, na Lamorisse alifariki 1970, kwa hiyo hautaisha kabla ya mwisho wa 2040. Sheria za nchi nyingine hutofautiana. Hata ikiisha, ile haki ya heshima inabaki.

## Maswali ya pembeni

Mwanangu ana miaka mitano. Mwisho utamtisha?

Huenda akalia. Puto likishapigwa haliripuki. Linanywea polepole, ngozi inakunjamana kama ya mzee, kisha mtoto mmoja analikanyaga. Kaa naye. Usiizime pale, maana mara baada ya hapo maputo yote ya Paris yanajinyakua mikononi mwa wenyewe na kumjia Pascal, na humo ndimo rangi nyingine zinapoingia kwa mara ya kwanza kwa wingi. Ukimkatiza kabla ya hapo umempa huzuni peke yake.

Mitaa ile bado ipo?

Sehemu kubwa ilibomolewa miaka iliyofuata, na Parc de Belleville sasa imekaa juu ya baadhi ya vilima vile. Filamu imebaki kumbukumbu ya mtaa uliokwisha, sababu nyingine ya kutopaka kuta zake dhahabu.

Nimerithi mkanda wa milimita 16, umegeuka waridi na unanuka siki. Niutupe?

Usiutupe, na usiuweke kwenye projekta. Harufu ya siki ni dalili kwamba plastiki ya mkanda inaoza na kutoa asidi. Mkanda husinyaa, na meno ya projekta yataurarua. Utenge na mikanda mingine, kwa sababu mvuke ule huichochea nayo ioze. Utoe kwenye kopo lililofungwa kabisa ili hewa ipite, kisha uweke mahali pakavu na penye baridi kadiri uwezavyo. Kwa sisi wa pwani, joto na unyevu ndio adui, na chumba cha juu chini ya bati ni mahali pabaya kuliko pote. Andika kwenye kopo jina, mwaka na ulikoupata, halafu tafuta mtu wa nyaraka za picha auskani kabla haujakauka.